Kufungua duka la mtandaoni ukiwa Garissa: anza na till, rangi baadaye

Wateja wetu wengi wa Garissa tayari wanauza mtandaoni, hata kama wenyewe hawaiti hivyo. Asubuhi picha za dera mpya zinawekwa kwenye status ya WhatsApp. Kufikia adhuhuri watu saba wameuliza bei, wawili wametuma pesa kwa till, mmoja amesema "niwekee, nitalipa jioni". Jioni inafika na mwenye duka hakumbuki tena ile ya kijani ilichukuliwa na nani, yule wa Wajir au yule wa Dadaab.

Hapo ndipo mtu anaamua kwamba anahitaji duka lenyewe, lenye bei, saizi na mahali pa kulipia. Anapata programu, anafungua dashibodi, anakutana na menyu ndefu iliyojaa maneno asiyoyajua, na siku ya tatu anaiacha. Au mbaya zaidi, analipa kijana amjengee haraka. Duka linapendeza sana. Halafu oda ya kwanza inaingia na hakuna anayejua kama pesa imelipwa au la.

Kujifunza programu ya duka kunachukua wiki, si usiku mmoja, na hakuna aibu hapo. Lakini subira ni kama bando, ina kikomo. Wengi wanaimaliza kwa nembo na rangi za duka, kisha malipo na usafirishaji, yaani vitu vinavyoweza kukupotezea pesa, wanavifanya wakiwa wameshachoka. Sisi tungekushauri ugeuze mpango huo.

Kwani unalihitaji?

Ni swali la haki. Kama unauza aina kumi za bidhaa na unapata oda tatu kwa siku, katalogi ya WhatsApp Business na till vinatosha. Ni bure, wateja wameizoea, na hakuna seva ya kulipia. Duka la mtandaoni linaanza kuwa na maana pale saizi na rangi zimekuwa nyingi hadi unauzia watu wawili kitu kimoja, au wateja wako wako Mandera na Eastleigh na hawawezi kupita Soko Mugdi kuangalia, au kila siku unamaliza saa nzima ukijibu "bei gani?"

Kama uko hapo, endelea kusoma.

Hapa tutaongea kuhusu WooCommerce, kwa sababu programu yenyewe haina ada ya mwezi na kuna njia kadhaa za kuiunganisha na M-Pesa. Ilitoka mwaka 2011 na inafanya kazi juu ya WordPress, ambayo ipo tangu 2003. Zote mbili ni bure. Unacholipia ni jina la tovuti, kwa mfano linaloishia na .co.ke, na nafasi kwenye seva ya kampuni itakayokuhifadhia tovuti. Njia nyingine ni Shopify: unalipa kila mwezi na wao wanashughulika na mambo ya seva. Ni rahisi kuanza nayo, ila ada inatoka hata mwezi ambao hujauza kitu.

Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako mwenyewe, hata kama ni mtu mwingine anakusaidia kulisajili. Likiwa kwa barua pepe ya fundi, siku mkikosana duka linaondoka naye.

Bidhaa kumi kwanza

Usipakie mali yote. Chagua bidhaa kumi zinazouza zaidi na uzimalize vizuri. Ukikosea mpangilio kwenye bidhaa kumi unarekebisha kwa nusu saa. Ukikosea kwenye mia mbili utarekebisha mwezi mzima.

Tuchukue abaya kama mfano. Ina urefu wa 54, 56 na 58, na labda rangi tatu. Mtu mgeni kwenye programu hutengeneza bidhaa tisa tofauti. Sivyo. Unatengeneza bidhaa moja yenye aina ndani yake: kwanza unaingiza sifa, yaani urefu na rangi, kisha programu inakutengenezea aina zote tisa, na kila aina unaipa idadi yake ya stoki. Hatua hii inachosha mara ya kwanza. Mara ya tatu mikono inaijua. Faida yake ni kwamba nyeusi ya 56 ikiisha, haionekani tena kama ipo, na hakuna anayelipia kitu kisichokuwepo.

Ukiwa hapo kwenye stoki, tafuta mpangilio mmoja ambao wengi hawauoni: dakika ambazo oda isiyolipwa inashikilia mali. WooCommerce huja na dakika 60. Muda huo ukipita bila malipo, oda inafutwa na mali inarudi dukani. Huyo ndiye yule wa "niwekee, nitalipa jioni". Sasa ni programu inayomkatalia, si wewe, na urafiki unabaki. Unaweza kuongeza dakika ukitaka, lakini tungekushauri usiondoe kikomo kabisa.

Picha ni suala la bando la mteja. Picha moja ya simu ya siku hizi inaweza kuwa na MB 4. Ukiweka ishirini kwenye ukurasa mmoja, mteja aliye Modogashe ataangalia duara likizunguka mpaka achoke. Zipunguze hadi chini ya KB 200 kila moja kabla ya kupakia. Kuna programu za bure za kufanya hivyo kwenye simu, na kwa macho ya mnunuzi hutaona tofauti. Piga picha nje asubuhi kwenye kivuli; jua la Garissa saa saba linafanya kila rangi ionekane nyeupe.

Sasa till, na hapa usiharakishe

Kuna njia mbili za kupokea malipo. Ya kwanza ni kumwandikia mteja nambari ya till kwenye ukurasa wa kulipia, alipe mwenyewe, halafu aweke msimbo wa muamala. Inafanya kazi, haihitaji kuunganisha chochote, na kwa wiki za kwanza inatosha kabisa. Kazi yako ni kulinganisha kila msimbo na pesa iliyoingia kwenye till.

Ya pili ni ile STK: mteja anaandika nambari ya simu, anabonyeza lipa, na simu yake inamwonyesha kiasi na kumwomba PIN. Akiweka PIN, oda inabadilika yenyewe kuwa imelipwa. Ili hili liwezekane, duka lako linaongea na M-Pesa kupitia Daraja, lango ambalo Safaricom ililifungulia watengenezaji wa programu mwaka 2017. Unafungua akaunti pale, unapewa funguo mbili na msimbo wa siri, na unaviingiza kwenye plagini ya M-Pesa ndani ya WooCommerce. Daraja ina uwanja wa majaribio wenye nambari za mchezo. Anzia huko.

Mahali watu hukwama ni pengine kuliko wanavyodhani. Ukiwa na till, una nambari mbili: till yenyewe, ambayo wateja wanaijua, na nambari ya duka iliyo nyuma yake. Si kitu kimoja. Ombi la STK kwa till linahitaji zote mbili, kila moja mahali pake. Ukiweka till kwenye nafasi zote mbili, utapata makosa yasiyoeleweka na utadhani plagini ni mbovu. Mwenye paybill hana shida hii, nambari yake ni moja.

Pengine umeingiza kila kitu sawa lakini M-Pesa haionekani kabisa kwenye ukurasa wa kulipia. Tangu mwisho wa 2023, maduka mapya ya WooCommerce huja na ukurasa wa kulipia wa mtindo mpya, na kuna plagini ambazo bado zinaelewa ule wa zamani tu. Usifute kila kitu uanze upya. Ama rudisha ukurasa wa mtindo wa zamani, ama tafuta plagini inayotaja wazi kwamba inafanya kazi na mtindo mpya.

Plagini ya kulipia usiichukue kwenye kikundi cha Telegram kwa sababu huko ni ya bure na kwa mwenyewe inauzwa. Programu za wizi mara nyingi zina mlango wa nyuma, na huu ni mlango wa pesa.

Pesa imelipwa, oda inasema bado

Hii itatokea, kwa hivyo ielewe kabla haijatokea. Mteja akishaweka PIN, M-Pesa inatuma jibu kwa tovuti yako. Kama seva yako imelala dakika hiyo, au tovuti haina ile kufuli ya https, jibu halifiki. Pesa iko kwenye till, mteja ana ujumbe wake, lakini dukani oda bado inasema "Pending payment". Mteja anakasirika, na ana haki.

Dawa ni utaratibu. Kabla ya kumjibu, fungua taarifa ya till yako, tafuta kiasi na saa, kisha ubadilishe oda kwa mkono na uandike msimbo wa muamala kwenye maelezo ya oda. Usitegemee ujumbe ulio kwenye simu ya mteja, hata kama ni mtu unayemjua. Ujumbe wa kubuni unaandikwa kwa dakika moja na unafanana na wa kweli mpaka nukta. Kifurushi kikishapanda basi la Mandera huwezi kukirudisha kwa maneno. Till yako ndiyo shahidi.

Kinyume chake pia kipo: ombi limetumwa na pesa haijaingia. Plagini nyingi huhifadhi nambari ya jibu, na ukizijua nne tu utaokoa simu nyingi. 1 ni salio halitoshi. 1032, mteja ameghairi mwenyewe. 1037, simu yake haikupatikana au alichelewa kujibu. 2001, PIN si sahihi. Huku kwetu ambako mtandao unapotea kwa saa nzima mnara ukizimika, 1037 utaiona sana. Huyo ni mteja anayetaka kulipa. Mtumie ujumbe mfupi: "Salaam walaal, oda yako bado ipo, jaribu tena mtandao ukirudi au lipa kwa till." Wa 1032 muache kwanza, labda alikuwa anaangalia bei ya usafiri tu.

Kumbuka pia kwamba STK ya M-Pesa inafika kwa laini za Safaricom pekee. Mwenye Airtel aachiwe njia nyingine ya kulipa. Na kwa sasa muamala mmoja wa M-Pesa haupiti KSh 250,000, kwa hivyo anayeuza ngamia au mzigo wa jumla apange malipo ya awamu.

Nyumba ya tatu baada ya msikiti

Hapa ndipo ubinafsishaji wa kweli ulipo, na ndipo tunapopenda watu watumie muda. Programu hizi zilitengenezwa na watu wenye anwani. Shopify, kwa mfano, ilizaliwa Kanada na watu waliotaka kuuza mbao za kuteleza kwenye theluji. Ni kawaida kwao kuuliza jina la mtaa, nambari ya nyumba na msimbo wa posta. Mteja wako yuko Bula Iftin, na anwani yake ni "nyumba ya tatu baada ya msikiti, geti la buluu". Ukimlazimisha kujaza msimbo wa posta ataandika 00000 au ataondoka.

Tafuta plagini ya kuhariri fomu ya kulipia, zipo za bure. Ondoa jina la kampuni, mstari wa pili wa anwani na msimbo wa posta. Acha jina, simu, kaunti na mji. Kisha ongeza nafasi mbili: "Alama iliyo karibu nawe" na, kwa wanaotumiwa kwa basi, "Jina la atakayepokea stejini na simu yake". Anayelipa na anayepokea mara nyingi si mtu mmoja. Binti yuko Nairobi, analipia mzigo wa mama yake Wajir. Fomu fupi inapunguza makosa, na pia inakupunguzia jukumu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za mteja unazokusanya ni dhamana kwako, kwa hivyo usiulize usichokihitaji.

Nauli ya mizigo inafuata. WooCommerce inapanga usafirishaji kwa maeneo, na unaweza kuchagua eneo kwa kaunti. Tengeneza la Garissa, la Wajir, la Mandera, la Nairobi, na la mwisho la kwingine kote. Yapange kwa makini, kwa sababu programu inasoma kutoka juu na kusimama kwenye la kwanza linalolingana; la "kwingine" likiwa juu, wote watatozwa bei hiyo moja. Shida ni kwamba kaunti ya Garissa si mji wa Garissa. Masalani na Dadaab ziko ndani ya kaunti ileile, na bodaboda wa mjini hafiki huko. Programu haitofautishi miji ndani ya kaunti isipokuwa kwa msimbo wa posta, ambao tumeutoa. Njia rahisi ni kuweka chaguo kadhaa ndani ya eneo moja, kila moja na bei yake: "Garissa mjini, bodaboda", "Dadaab, gari", "Masalani, gari", "Nitachukua mwenyewe Soko Mugdi". Mteja anachagua mwenyewe. Kila siku angalia kama kuna aliye Masalani akachagua bodaboda ya mjini. Yupo kila mara.

Usiandike "tunafikisha kwa saa 24" kwa sababu umeona maduka ya Nairobi yameandika. Novemba 2023 mafuriko yalikata barabara ya Nairobi na Garissa karibu na Madogo, na watu wakawa wanavuka kwa boti. Andika siku unazoweza kutimiza, na wakati wa mvua badilisha maandishi hayo siku hiyohiyo.

Jaribu kwa shilingi kumi

Kabla ya kumwambia mtu yeyote, tengeneza bidhaa ya majaribio ya shilingi kumi, uinunue mwenyewe kwa simu. Si kwa kompyuta, kwa simu, tena ya bei nafuu, kwa data si kwa Wi-Fi, kwa sababu hivyo ndivyo mteja atakavyofanya. Kisha nunua tena kwa laini inayoanza na 01, maana kuna plagini za zamani zinazokubali 07 tu. Nunua na ughairi. Nunua na uweke PIN isiyo sahihi. Nunua ukiwa umejifanya uko Mandera, uone nauli inatokea ipi. Kila mara rudi kwenye dashibodi uangalie oda inasema nini, halafu uangalie till. Vikikubaliana mara zote, ficha ile bidhaa ya majaribio na uwape kiungo wateja kumi unaowaamini. Waangalie wakinunua ukiweza. Utashangaa wanapokwama, mara nyingi ni neno moja kwenye kitufe.

Sasa ndiyo urudi kwa rangi. Na chagua muonekano mwepesi. Zile zenye picha zinazoteleza zinakula data na hatujaona mtu akinunua abaya kwa sababu ya picha iliyoteleza.

Ukipata msaidizi, mfungulie akaunti yake yenye cheo cha meneja wa duka, anayeweza kuona oda na bidhaa bila kusakinisha wala kufuta plagini, ila mipangilio ya WooCommerce, pamoja na ya malipo, bado anaifikia, kwa hivyo awe mtu unayemwamini. Nenosiri lako la msimamizi libaki lako. Funguo za Daraja zisitumwe kwenye WhatsApp hata kwa fundi. Kaa naye aziingize mbele yako. Panga duka lijihifadhie nakala ya akiba kila wiki, na ukitaka kusasisha WooCommerce au plagini, fanya hivyo siku ya biashara ndogo ukiwa na nakala mkononi. Usisasishe wiki ya mwisho ya Ramadhani. Dera zote za mwaka huuzwa siku hizo, na fundi naye yuko kwenye ibada.

Ukikwama kwenye hatua ya till, tuandikie ukiwa na vitu vitatu: nambari ya till na ya duka lililo nyuma yake, jina la plagini unayotumia, na picha ya kosa linaloonekana kwenye skrini, funguo zikiwa zimefunikwa. PIN usitutumie. Hatuihitaji, na yeyote atakayekuomba kwa jina letu si sisi.